Nani anahusika? Majibu kwa wakazi wa miji midogo

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: mtu amepeleka shida yake kwenye ofisi isiyohusika, amezungushwa wee, karudi nyumbani na hasira. Nianze na swali lenye mambo mengi.

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiji chetu kimepandishwa hadhi kuwa mji mdogo. Tulishangilia na ngoma ikapigwa. Sasa mkutano mkuu wa kijiji haupo tena na hakuna anayetusomea mapato na matumizi. Tumepanda au tumeshuka? (Mkulima na fundi cherehani)

JIBU: Marahaba. Mmepanda kwa jina, lakini kuna kitu mmekiacha nyuma na wengi hawakuambiwa wakati ngoma inapigwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, unaokaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo mwenyekiti na mtendaji wanasimama mbele ya watu na kusoma hesabu, na bibi kizee wa mwisho kabisa anaweza kunyoosha mkono akauliza saruji imekwenda wapi.

Kijiji kikigeuka mji mdogo, halmashauri ya kijiji inakufa na mkutano wake mkuu unakufa nayo. Panakuwa na baraza la mamlaka ya mji mdogo, ambalo wajumbe wake wengi ni wenyeviti wa vitongoji. Lina Mtendaji wa Mji, lakini halina mkurugenzi wake. Mamlaka hiyo ya mji mdogo imo ndani ya halmashauri ya wilaya, na bajeti inapitia huko. Ndiyo maana mnaona ushuru unakusanywa stendi kwenu, halafu uamuzi wa matumizi unafanyika makao makuu ya wilaya, pengine kilomita nyingi kutoka hapo. Makambako na Tunduma zilianza kama miji midogo na leo ni halmashauri za mji zenye wakurugenzi wao. Ila msidhani mtafika huko mwakani.

Sasa mfanye nini? Mwenyekiti wa kitongoji bado mlimchagua nyinyi, Novemba 27, 2024. Mbaneni huyo. Aitishe mkutano wa kitongoji, aje na makabrasha ya kikao cha baraza la mji, asome mlichokusanya na mlichorudishiwa. Muhtasari uandikwe, wakazi wasaini, nakala iende kwa Mtendaji wa Mji na kwa diwani. Mkutano usio na muhtasari ni kijiwe tu. Tena baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na kikao chake kiko wazi kwa wananchi; hutaruhusiwa kusema, lakini kukaa nyuma ukisikiliza diwani wako anavyouliza au anavyosinzia ni haki yako.

Na wenye mashamba ndani ya mipaka ya mji, kaeni macho. Habari za upimaji na viwanja zitakuja, na ardhi iliyokuwa ikiamuliwa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 itaanza kuzungumzwa kwa lugha ya mipango miji. Karatasi zenu za kijiji zitunzeni.

SWALI: Mimi ni mama ntilie stendi. Kijana wa POS, ile mashine ya kukusanyia ushuru, ananitoza kila asubuhi. Mwisho wa mwezi anakuja mwingine wa ada ya taka. Taka zenyewe hazijazolewa, kizimba kimejaa, nzi wanatua kwenye sahani za wateja. Nigome kulipa?

JIBU: Usigome, mama. Ukigoma wewe ndiye utakayefikishwa mbele ya sheria, siyo trekta la taka. Anza na risiti. Isome: ina jina la halmashauri, chanzo cha mapato na kiasi. Risiti ya ushuru wa soko siyo risiti ya ada ya taka, na nimewahi kuona mtu analipa viwili anapewa karatasi moja. Karatasi ya mashine hiyo hufutika upesi, tena ikikaa karibu na jiko lako inageuka nyeupe kabisa, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Kisha nendeni kwa Mtendaji wa Mji, mama ntilie watano au sita kwa pamoja, mkaombe kuona sheria ndogo ya ada ya taka. Tozo ya halmashauri lazima iwe na sheria ndogo iliyoidhinishwa na waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na ndani yake kuna jedwali la viwango. Mkishaona kiwango, ulizeni: fedha hii ilinunua dizeli ya trekta lini? Mara nyingi tatizo ndilo hilo. Trekta lipo, dereva yupo, mafuta hayapo, na fedha ya taka imeingia kwenye kapu kubwa la halmashauri. Kwa maoni yangu mji usioweza kuzoa taka hauna uso wa kuzitoza, lakini hoja hiyo ipitisheni kwa diwani.

SWALI: Mtendaji anadai Sh5,000 kugonga mhuri kwenye barua ya utambulisho. Ni halali?

JIBU: Mwombe risiti ya mashine au namba ya malipo ya serikali. Akishindwa kutoa, umeshapata jibu. Simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

SWALI: Kalavati la njia ya sokoni limesombwa na mvua. Diwani anasema ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), TARURA wanasema hakuna fungu. Tumkamate nani?

JIBU: Diwani hajakudanganya. Tangu 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Diwani hawezi kumwamuru meneja wa TARURA, ila anaweza kumkalia kooni kikaoni. Kwanza hakikisheni njia hiyo imo kwenye orodha ya barabara zao. Isipokuwemo, mtasubiri hadi mvi.

Kwa dharura, andikeni barua kupitia mtendaji wa kata, yenye picha, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Kwa ukarabati wa kudumu, pendekezo litoke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla Desemba haijaisha, kwa sababu Januari na Februari ndipo halmashauri zinapopitisha bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1. Watu hulalamika Aprili, barabara ikiwa tope, wakati fedha ilishagawanywa.

SWALI: Nilikuwa nahamisha magunia manane ya mahindi yangu kwenda wilaya jirani. Getini nikatozwa ushuru. Sahihi?

JIBU: Tangu 2017, mzigo usiozidi tani moja ukivushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800, uko salama. Lakini kama yalikuwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, manane yanaweza kuvuka tani, na hapo utakuwa na kesi mbili, maana lumbesa yenyewe ni kosa kwa Wakala wa Vipimo. Ushuru huo kisheria ni wa mnunuzi, siyo wa mkulima.

SWALI: Mimi mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU nakatwa Sh1,500 ya kodi ya jengo lisilo langu.

JIBU: Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa Sh1,000 kwa mwezi, ikapanda 2023. Tunza meseji za LUKU, jumlisha, na siku ya kulipa kodi ya pango mwoneshe mwenye nyumba mkapunguziane.