Maswali yenu: Uvimbe wa moyo, kansa ya moyo

*Shikamoo daktari. Baba mdogo amepimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) Dar, karatasi inasema "uvimbe, chumba cha juu kushoto". Huku nyumbani watu wameanza kunong'ona habari za msiba. Ana muda gani? (Newala)*

Marahaba. Hao wanong'onaji watulie kwanza. Uvimbe unaoanzia kwenye moyo wenyewe ni nadra sana, na takriban robo tatu yake si kansa. Unaoongoza kwa watu wazima ni miksoma, na makazi yake makuu ni hapo hapo chumba cha juu kushoto. Huning'inia kwa kikonyo kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, na mara nyingi ni laini kama nyama ya dafu. Hatari yake ni kwamba kipande hukatika kikaenda ubongoni, mtu akapata kiharusi. Au uvimbe huziba valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, akazimia. Kwa hiyo hausubiriwi. Kifua hufunguliwa, mashine ikashika kazi ya moyo, uvimbe ukatolewa na kikonyo chake. Wengi huishi miaka yao kama watu wengine. Wachache hurudiwa, ndiyo maana eko huendelea hata baada ya upasuaji.

*Napuliza salfa kwenye mikorosho kila msimu na kifua kinabana. Ndiyo kansa ya moyo? (Tandahimba)*

Hakuna ushahidi kwamba salfa huleta kansa ya moyo. Vumbi lake huwasha macho na njia ya hewa, basi vaa barakoa. Kifua kikibana hata msimu ukiisha, nenda kapime.

*Na ikiwa ni kansa kweli? Usinifiche. (Lindi mjini)*

Sikufichi. Inayoongoza kwa watu wazima ni anjiosakoma, kansa ya seli zinazotandika mishipa ya damu. Hupenda chumba cha juu kulia na huvuja damu kwenye mfuko wa moyo. Mgonjwa huchoka, huvimba miguu, hukosa pumzi. Dalili hizo hizo huletwa na TB ya mfuko wa moyo, ambayo kwetu ni ya kawaida kuliko kansa hii. Ikija kujulikana, mara nyingi imeshafika mapafuni, na wengi hawamalizi mwaka. Ikiwahiwa ikakatwa yote, muda huongezeka. Limfoma ya moyo, kansa ya seli za kinga, ni habari nyingine: tegemeo lake ni dawa za kemo, si kisu, na baadhi huitikia vizuri. Tunang'ang'ania kinyama kifike maabara kwa sababu hiyo. Picha peke yake haitoshi kumpa mtu hukumu.

*Mama ana kansa ya titi, sasa wanasema imefika kwenye moyo. Mbona mnasema ni nadra? (Kilwa Masoko)*

Pole, mwanangu. Hiyo bado ni kansa ya titi, imesafiri tu. Zinazohamia moyoni ni zaidi ya mara 20 ya zinazoanzia pale, hasa kutoka mapafu na titi. Matibabu hufuata titi, kwa hiyo asiache kliniki yake ya kansa. Mara nyingi hushika mfuko wa moyo ukajaa maji. Yakibana hutolewa kwa sindano, na mgonjwa huweza kupata nafuu ya pumzi siku hiyo hiyo. Akianza kushindwa kulala chali, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali usiku huo huo.