Nani atamgeuza usiku?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama bado uolewe na mwenzako, maana ajali ya bodaboda imemvunja mgongo, miguu imepooza, au baba yako arudishe ng'ombe wa watu. Nimeisoma barua yako mpaka mwisho nikaona kuna swali umeliruka: nani atamgeuza usiku? Ngoja nijibu hilo. La ndoa tutalifikia, tukilifikia.

Wimbo wangu unaujua: aliyeumia uti wa mgongo hauawi na mgongo, anauawa na kidonda na mkojo. Zamani wengi walikuwa wakifa mapema kwa hayo mawili. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza, akahimiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, wakaanza kuishi. Dawa ya kuunga mishipa ya fahamu iliyokatika mgongoni hakuwa nayo, na hata leo haipo. Wauza mizizi wakibisha hodi, wapeni chai waende zao.

Baba yako mdogo wa Nansio wewe unamkumbuka kwenye kiti cha magurudumu, akishona nyavu na kutania kila apitaye. Siku alipoanguka kwenye mwembe, vijana walimnyanyua kwa mikono na miguu, kiuno kinaning'inia, wakampakia mshikaki kwenye pikipiki. Aliyeumia mgongo haketishwi! Mmoja anashika kichwa na shingo vinyooke na kiwiliwili, watatu wanamviringisha mzima mzima kwa pamoja, ubao unaingia chini yake. Hata mlango uking'olewa unafaa, na pale mlango ulikuwepo.

Aliporudi nyumbani, ndugu walikuja kila Jumapili na soda na maombi. Kulala hapo usiku mmoja, mama yako mdogo apate usingizi, hakuna. Kidonda kikaanza kwenye mfupa ulio juu kidogo ya makalio. Kwenye ngozi yetu usingoje wekundu: ngozi inakolea weusi au zambarau, inakuwa ngumu na ya moto, na ukibonyeza rangi haibadiliki. Hapo dawa ni kutopalalia kabisa mpaka ngozi irudi. Wao wakamletea tyubu ya gari iliyojazwa upepo, akalie. Tyubu inabana damu kuzunguka tundu lote, nyama iliyo katikati inakosa damu, kidonda kikafika mfupani. Kisha wakasema mke mvivu. Wale waleta soda! Neno hilo likitajwa misibani mpaka leo, nanyanyuka nikakae na wapishi.

Kilifunga, baada ya miezi mingi. Mama yako mdogo aliitupa ile tyubu, akamfundisha kuinama mbele kila nusu saa, kifua kwenye meza kwa dakika 2, makalio yapate damu. Na sufuria ya moto hakumpa tena apakate, maana mapaja yasiyo na hisia yanaungua mtu akiwa anacheka.

Wako amevunjika pingili ya 5 ya mgongo usawa wa kifua. Hapo kuna hatari ambayo baba yako mdogo hakuwa nayo, kwa kuwa yeye aliumia chini zaidi. Ukiona kichwa kinamgonga ghafla na jasho linamtoka usoni, usimlaze. Mkalishe wima, legeza mkanda na nguo, kisha fuata mpira wa mkojo kwa mkono tangu mwanzo: umejikunja? Umeziba? Mfuko umejaa? Mara nyingi ni kibofu, kikifuatiwa na choo kilichokaza; hata ukucha ulioota ndani unaweza kuleta. Presha inaweza kupanda mpaka mshipa wa kichwani upasuke. Isiposhuka upesi, hospitali ya Bugando, usiku huohuo.

Lakini mikono yake ni mizima, na hapa najibishana mwenyewe. Nimeuliza nani atamgeuza, kumbe anaweza kujifunza kujigeuza, kujihamisha kitandani hadi kitini, kujiingizia mpira kila saa 4 hadi 6 na kuutoa. Choo nacho anaweza: saa ileile kila siku, nusu saa baada ya chai, kidole chenye glovu na mafuta, azungushe taratibu. Je, amekubali kufundishwa, au anakusubiri wewe? Mwanaume anayekubali kujifunza hayo, mimi ninge... hapana, sisemi. Baba yako amenikataza. Halafu wewe ni kijana, na usiku ni mrefu. Lakini naye hakuomba bodaboda.

La watoto hukuliandika, ila najua lipo. Mara nyingi si rahisi, lakini mlango haujafungwa. Nendeni wawili kwa daktari wa njia ya mkojo, mkamuulize bila haya.

Kile chumba cha Igogo, huko juu kwenye mawe, kiacheni hata kama kodi ni ndogo. Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi za mawe, na mtu wa kubebwa mgongoni kila akitaka kutoka ataacha kutoka. Tafuteni tambarare, Buhongwa au Kisesa, mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 na choo kisiwe na kizingiti. Mpime upana wa nyonga akiwa amekaa, na urefu kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, unitumie. Fundi wa magodoro hapa atakata sponji ngumu ya sentimita 10 ya kukalia kitini, na kitambaa chake kiwe cha kufulika.

Mama yako