Asidi ya betri imeniruka jichoni

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi kwenye banda la kuchaji betri za sola na bajaji hapa Morogoro. Juzi nilikuwa namimina asidi, ikaniruka jicho la kulia. Bosi akanikataza nisitie maji, eti yatachemka na asidi. Akamtuma mtoto dukani alete maziwa. Jicho bado jekundu, na taa naziona zina ukungu. Nisubiri lipoe lenyewe?
Kijana wa banda

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri. Nenda leo hii kwa daktari wa macho, umwambie wazi kuwa ni asidi ya betri. Wekundu peke yake usingenitisha sana. Huo ukungu ndio ulionifanya nikujibu wewe kwanza.

Bosi wako amechanganya mambo mawili. Ni kweli, tukizimua asidi kali tunaimimina asidi ndani ya maji, pole pole; ukifanya kinyume huchemka na kuruka. Lakini ya betri imeshazimuliwa, asidi ni kama theluthi tu. Tone likiingia jichoni, maji mengi yanaliondoa. Maziwa hayashiki nafasi ya maji. Na kosa kubwa ni zile dakika za mtoto kwenda dukani na kurudi, na jicho linaungua.

Siku nyingine (Mungu apishe mbali) panua kope kwa vidole, maji safi yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje, nusu saa ya saa ya ukutani. Utachoka, endelea tu. Magadi tunayomwagia sakafu kuua asidi iliyomwagika yasiguse jicho kabisa.

Ngozi nayo hudanganya. Tone la mkononi haliumi sana mwanzoni, kwa hiyo unalipangusia suruali. Maji yake yakikauka, asidi inabaki na ukali unazidi. Paja langu la kushoto lina kovu la namna hiyo. Jinzi yenyewe ilitoboka ilipofuliwa, mke wangu akawasingizia panya.

Nunua miwani inayoziba hadi pembeni, na dumu la maji safi la lita 20 lisikose bandani, maana bomba hukatika. Asidi isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa: sisi mafundi tuna tabia ya kuita kila kitu "maji ya betri", na mgeni hajui.

Ukurasa huu mpe bosi asome, ila ukishatoka hospitali.