Kemikali yetu ni mpya kabisa, inakuwaje iitwe dhahiri?

Mleta mada anasema molekuli yao haijawahi kuandikwa popote, wameihangaikia miaka, na bado hataza ya Ulaya (haki ya kulinda uvumbuzi) imefutwa kwenye pingamizi kwa kuwa eti ni dhahiri, yaani mtaalamu wa kawaida angeifikia. Wakate rufaa kwa hoja gani?

Mkuu, jasho liweke pembeni, halihesabiwi. Upya nao ni swali jingine. Bodi za Rufaa za Ofisi ya Hataza ya Ulaya huanza na kilichokuwa kinajulikana kinachokaribiana zaidi na chako: mnatofautiana wapi, na tofauti hiyo imeleta faida gani? Kisha ndipo huuliza kama mkemia wa kawaida anayeitafuta faida hiyo angefanya badiliko lenu. Kuweza si hoja, maana mkemia anaweza kubandika methili (kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni) popote. Je, alikuwa na sababu?

Mimi niliumia kwenye faida. Nilikuwa maabara, upande wa mwenye hataza, dawa ya kuua magugu. Molekuli yetu ilikuwa na klorini kwenye pete ya atomi, na sehemu nyingine iitwayo esta, ya ethili (kubwa kidogo kuliko methili). Jedwali lilipendeza: dozi ileile, yetu imekausha magugu, ya zamani imeyaacha kijani. Mjumbe mmoja wa bodi akauliza kwa upole: hii mliyolinganisha nayo ina methili penye klorini, sawa, lakini hata esta yake ni ya methili. Sasa faida imetoka kwenye ipi? Kimya. Waraka wa zamani ulikuwa na mfano mwingine, wenye esta ya ethili, uliopishana na wetu kwa klorini tu. Hatukuujaribu. Sababu yenyewe ni aibu: ule tuliotumia ulikuwa tayari kwenye chupa, kabatini.

Na hilo bodi hizo zilishalisema tangu uamuzi wao T 181/82: linganisha na kilicho karibu kabisa kimuundo. Faida ikikosa ushahidi, tatizo linashushwa na kuwa "kupata kemikali nyingine ya aina hii", na hapo karibu kila badiliko ni dhahiri. T 939/92 ya 1995 inabana zaidi: dai (sentensi ya hataza inayotaja kinacholindwa) likibeba maelfu ya molekuli, faida iaminike kwa takribani zote, si kwa zile tano mlizopima.

Kama chenu ni umbo la fuwele la dawa inayojulikana, someni T 777/08 kuhusu atorvastatini. Kuchujika na kukauka kirahisi hakukutosha. Kwa fuwele hilo linatarajiwa.

Majaribio mapya yanaweza kusaidia, ila G 2/21 ya 2023, uamuzi wa Bodi Kuu ya Rufaa ya ofisi hiyo, inataka faida hiyo iwe inatokana na ombi la mwanzo, si wazo lililozaliwa baadaye. Hoja za rufaa zina miezi 4 tangu mjulishwe uamuzi, na ushahidi wa kuchelewa bodi inaweza kuukataa. Kwa hiyo itengenezeni hiyo molekuli jirani wiki hii. Jedwali lenu la sasa mmelinganisha na ipi hasa?