Delahaye 135: usibandue bati kabla ya kugusa mbao

Ndugu, unauliza kama ulibandue bati lote la hiyo Delahaye 135, gari la kale la Kifaransa, yenye bodi ya Figoni et Falaschi (mafundi wa bodi za magari wa Ufaransa), kisha ulipige mchanga, yaani ulitoe rangi kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu. Usithubutu. Delahaye walitoa chesisi (fremu ya chini ya gari) na injini ya silinda sita. Bodi ilitengenezwa na mafundi wengine kwa mkono, juu ya fremu ya mbao. Ukilivua bati wakati mbao zimeoza, umbo limekwenda na maji.

Anzia milangoni. Nyanyua mlango kwa mkono mmoja: mlango ukitikisika ilhali bawaba zenyewe ni nzima, nguzo ya mbao imeshaliwa. Funga vyuma vya kushikilia bodi, halafu badilisha mbao kipande kimoja kimoja, cha zamani kikiwa ndiyo kipimo chako. Vipimo vya digadi la kushoto usivigeuze kwa la kulia. Yalipigwa kwa jicho, hayalingani. (Mimi niliharibu karatasi mbili za alumini kabla ya kukubali.)

Mchanga hulipinda bati jembamba. Tumia dawa ya kuondoa rangi, taratibu, na namba yoyote utakayokuta imegongwa kwenye mbao au nyuma ya bati, ipige picha kwanza.