Maswali na Majibu: Meseji imeingia, pesa je?

SWALI: Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Juzi niliingiwa na meseji kwamba nimepokea shilingi 480,000. Hazikupita dakika mbili, mtu akapiga analia: eti alitaka kutuma 48,000, nimrudishie zilizozidi, ana mgonjwa hospitali ya Bugando. Sikutuma, ila hata sasa sijui kama ilikuwa kweli. Nitatambuaje siku nyingine?
Mchuuzi, Kirumba

JIBU: Anza na hesabu. Meseji ya kweli ya kupokea pesa hutaja salio lako jipya, na hapo ndipo tapeli hukwama, kwa kuwa hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Tuseme ulikuwa na 62,500. Jumlisha 480,000, salio lazima lisome 542,500. Likisoma 497,300, au likiwa halipo kabisa, meseji hiyo imetungwa.

Kisha tazama imetoka wapi. Ikitoka kwenye namba ya kawaida ya +255, imeandikwa na mtu kwenye simu yake kama unavyoandika wewe. Ikija na jina la kampuni, bado usitulie, maana jina la mtumaji nalo huweza kughushiwa. Mwamuzi ni salio lenyewe: kata simu, fungua menyu kwa mkono wako (M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#) uangalie. Kukata simu ni muhimu. Kile kilio kina kazi moja tu, usipate nafasi ya kuhesabu.

Na kama pesa imeingia kweli? Bado usirudishe mwenyewe. Wapo wanaotuma pesa halali, wakakubembeleza uzirudishe kwenye namba nyingine, halafu wakaiomba kampuni ibatilishe muamala wa kwanza. Hapo umelipa mara mbili. Mwambie apige huduma kwa wateja, nawe piga 100 utoe taarifa. Pesa ikae bila kuguswa mpaka kampuni imalize. Kwa mteja wa mbali anayeagiza kwa simu ni hivyo hivyo: gunia lisipakiwe kabla salio halijaongezeka, hata akituma picha ya muamala. Picha huhaririwa.

Meseji usiifute. Ipeleke 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuripoti utapeli. Utajibiwa utume na namba iliyokuandikia.

SWALI: Mwenzangu wa kikoba aliniandikia WhatsApp kwamba namba zake sita zimekuja kwangu kwa bahati mbaya, nimsomee. Nikamsomea. Sasa mtu anaomba mikopo kwa jina langu kwenye kikundi. Nifanyeje?
Mama wa Ilemela

JIBU: Zile tarakimu sita zilikuwa msimbo wa WhatsApp wa kuthibitisha namba yako, yaani ufunguo wa akaunti yako, na huyo "mwenzako" yaelekea naye alikwisha kuibiwa ya kwake. Kwanza mpigie mweka hazina kwa simu ya kawaida, asikie sauti yako, awaonye wanachama. Kisha fungua WhatsApp, andika namba yako, uombe namba sita mpya kwa meseji. Ukiziingiza, mwizi anatolewa papo hapo. Ukiulizwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye. Itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN, lakini katika siku hizo naye yuko nje.

Ukishaingia, kagua vifaa vilivyounganishwa na akaunti, uondoe usichokitambua. Halafu nenda kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako ya tarakimu 6. Mwaka wako wa kuzaliwa usiuguse, wanakikoba wote wanaujua.

SWALI: Laini yangu ilipoteza mtandao ghafla tangu mchana. Nimeibiwa?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Si lazima. Ukiwa kivukoni katikati ya ziwa, mtandao kupotea si ajabu. Ila ukiwa nchi kavu, na jirani mwenye mtandao huo huo anapiga vizuri, azima simu yake upige 100, uulize kama laini imehamishiwa kadi nyingine. Kama imehamishwa, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe muda huo huo, ndipo uende dukani na kitambulisho cha NIDA. Laini ikirudi, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua omba ifutwe.