Wakili wa bure Malindi

Dada, umeuliza kama kaka yako, aliyeshtakiwa wizi wa kimabavu, atapewa wakili wa serikali. Hapewi hivi hivi. Kesi za mauaji husikizwa Mahakama Kuu, na huko wakili hupangwa. Wizi wa kimabavu huanzia kwa hakimu, na wengi hujitetea wenyewe, ilhali adhabu iliyoandikwa ni kifo! Aombe mapema, siku ya kujibu mashtaka: Katiba ya Kenya, kifungu 50(2)(h), yampa haki hiyo iwapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 yamtaka hakimu amweleze haki hiyo. Sisi mawakili tunaozichukua faili hizi tumelemewa, na malipo hukawia, kwa hivyo mwandikie wakili majina ya mashahidi na simu zao.